Nilivyopanda Lushoto kwa Baiskeli Mara Mbili, na Mara ya Kwanza Sikufika

Nilipoanza kuulizia njia ya kupanda Lushoto, mji ulio kwenye milima ya Usambara, kwa baiskeli, kila mtu alinijibu kwa kilomita. Kutoka Mombo, waliniambia, ni kilomita 33 tu, tena lami mwanzo mwisho. Hawakusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunieleza kwamba Mombo iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari ilhali Lushoto iko takriban mita 1,400, wala kwamba sehemu kubwa ya mwinuko huo imerundikwa kabla ya kufika Soni, katikati ya safari. Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Nilikuwa nimezoea kwenda Muheza na kurudi siku za Jumamosi, nikirudi nyumbani na kujiona bingwa, na katika akili ya bingwa kilomita 33 ni kitu cha kumaliza kabla ya chai ya saa nne.

Tulikwenda watu wanne: mimi, mpwa wangu ambaye ana miguu ya chuma na subira ya kuku, rafiki yangu mwalimu ambaye hupanda baiskeli kwenda kazini, na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye alikuwa amejifunza kuendesha miezi michache tu kabla. Niliwapanga wote mstari mmoja pale Mombo, wote kwa njia moja na kasi moja, nikaamini kwamba huo ndio umoja. Ilikuwa Januari. Tuliondoka saa nne asubuhi, baada ya supu na chapati, wakati jua la bondeni lilikwisha kushika kazi yake.

Zile kilomita mbili za mwanzo zilitupa matumaini. Baada ya hapo barabara inauma ubavu wa mlima na kuanza kujipinda, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo lenye mto chini yake, na kila kona unayoimaliza inakuonyesha kona nyingine iliyo juu zaidi. Mpwa wangu alitoweka. Shemeji alishuka na kuanza kusukuma. Mwalimu alibaki katikati, hajui amfuate nani. Mimi niliyekuwa kiongozi nilisimama kwenye pedali kwa uzito wangu wote, baiskeli ikawa inayumba kama mlevi, na mwishowe nikaona ni heshima zaidi kukaa juu ya jiwe kuliko kuanguka mbele ya abiria wa basi.

Nikiwa pale na shemeji, akatupita mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli ya Phoenix yenye kiroba cha unga nyuma. Tukamwamkia. Akaitikia, akauliza kama tumeharibikiwa. Nikamjibu kwamba tunapumzika tu. Akaziangalia baiskeli zetu, akaziangalia tairi zangu nyembamba kama kidole, akasema, "Baiskeli zenu hazina mzigo, wanangu, basi mzigo ni ninyi." Kisha akaendelea na safari yake, polepole, bila kusimama, mpaka kona ikammeza.

Hatukufika Soni. Maji yaliisha, mwalimu akashikwa na misuli ya paja, na nikampigia simu mpwa wangu arudi. Plamu nilizoahidiwa kwamba zinauzwa Soni msimu ule niliziona zikishuka kwenye matenga juu ya lori. Mwendo uliotuchukua zaidi ya saa mbili kuupanda tuliushuka kwa muda usiotosha hata kuanza kulaumiana.

Niliporudi Tanga nilimpelekea fundi lawama zangu, naye akanipa ushauri wa pili mbovu kuliko ule wa kilomita: kwamba gia nyepesi ni za watoto, na kwamba mlima unashindwa kwa mapafu. Niliamua kufanya hesabu mwenyewe. Mbele, gurudumu langu dogo la meno lilikuwa na meno 42, na nyuma lile kubwa kabisa lilikuwa na meno 24. Maana yake ni kwamba kila nilipozungusha pedali mara moja, tairi la nyuma lilizunguka mara moja na robo tatu, yaani nilitakiwa kujibeba karibu mita 3.7 kwa kila mzunguko. Kwenye tambarare hiyo ni raha. Kwenye mlima ni sawa na kupanda ngazi kwa kuruka vidato.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo naona fahari kulisimulia hata kwa wasioniuliza. Kwenye lundo la baiskeli za mtumba nilipata baiskeli ya milimani iliyopinda fremu, ambayo hakuna aliyeitaka, na nyuma yake kulikuwa na seti ya meno ambayo kubwa lake lilikuwa na meno 34. Muuzaji alitaka elfu arobaini hivi kwa baiskeli nzima. Tukaelewana chini ya hapo. Nilichukua seti ile ya meno, nikachukua na mashine yake ya kuhamishia gia, kwa sababu ile yangu fupi isingeweza kukunja mnyororo mrefu, kisha nikaongeza mnyororo pingili kadhaa. Jaribio la kwanza lilishindwa: nilikata mnyororo mfupi mno, na nilipoweka gia nyepesi kabisa mashine ilijikunja mbele mpaka ikakaribia kung'oka. Mnyororo upimwe kwenye meno makubwa ya mbele pamoja na makubwa ya nyuma, si kwenye madogo kama nilivyofanya. Nilipomaliza, mzunguko mmoja wa pedali ulinisogeza mita 2.6 hivi. Fundi alicheka. Nilimwacha acheke.

Mara ya pili ilikuwa Agosti, wakati wa ukavu na ubaridi, na safari hii sikuwapanga watu mstari mmoja. Niligundua kwamba barabara ile si njia moja bali ni njia tatu zilizounganishwa, na kila mtu anaweza kuanzia inapomfaa. Kutoka Mombo hadi Soni ni ya wenye miguu na gia. Kutoka Soni hadi Lushoto, kama kilomita 15, barabara inapanda kwa adabu, ikipita kandokando ya bustani za kabichi na karoti bondeni na mikaratusi ya pembeni, na mwalimu wangu aliiweza bila kushuka hata mara moja. Kutoka Lushoto kwenda juu Magamba ni ya wale ambao bado wana hamu ya kuteseka.

Kwa hiyo mimi na mpwa wangu tuliondoka Mombo saa kumi na mbili, kabla jua halijatuona. Mwalimu na shemeji walipanda Noah ya kukodi mpaka Soni, baiskeli zikiwa juu ya keria, tairi za mbele zimefunguliwa na fremu zimefungwa kwa kanga kuukuu ili zisichubuane. Walikunywa chai, wakaenda kutazama maporomoko ya maji ambayo yako pale pale karibu na barabara, na tulipotokea, mimi nikiwa nimejaa jasho na majivuno, wakaungana nasi. Shemeji alisukuma kidogo sehemu moja. Tuliingia Lushoto wanne. Wajerumani waliupenda mji huo kwa ubaridi wake na kuuita Wilhelmstal. Mimi niliupenda kwa sababu ndipo waliponiletea ugali.

Kesho yake asubuhi mimi na mpwa wangu tulipanda Magamba, kilomita kama saba au nane kutoka mjini. Huko msitu wa hifadhi unaishika barabara, ukungu unaning'inia kwenye miti, na lami inakuwa na unyevu hata kama hakuna mvua. Mpwa wangu alisimama kutafuta mbega, nami nikamsifu kwa kupenda wanyama, kumbe kijana alikuwa amechoka. Anayekwenda huko abebe koti jepesi. Nilikuwa na fulana iliyolowa jasho, na nilipoanza kushuka meno yangu yaligongana mpaka mjini.

Kushuka kuna mambo yake, na watu wengi hudhani kazi imekwisha. Tulipokuwa tukirudi Mombo nilishika breki mfululizo kwa kona kadhaa, nikasikia harufu ya mpira unaoungua, na nilipogusa rimu kidole kilirudi chenyewe. Tangu hapo nabana kwa nguvu kabla ya kona, kisha naachia, breki mbili kwa zamu, nikiacha upepo upoze rimu. Malori ya mboga yanapanda yakiwa matupu na yanashuka yakiwa yamejaa, na dereva anayeshuka na tani za kabichi hana nafasi ya kukuonea huruma kwenye kona, kwa hiyo ukisikia honi, kaa upande wako na usijifanye huna habari.

Lakini njia iliyotuletea furaha kubwa kuliko zote ndiyo niliyoidharau. Jioni ile ya kwanza shemeji alisema anataka kuona tu mahali pazuri bila kufa, ndipo mwenye nyumba ya wageni akamwelekeza Irente, kama kilomita sita kutoka mjini, barabara ya vumbi tulipoipita, yenye watoto wanaokimbia nawe mpaka wachoke. Tairi zangu za kidole zilipata pancha. Za shemeji, ambazo ni nene na za bei rahisi, hazikupata hata mchubuko, naye akatangulia. Nilipofika baada ya kuziba pancha, mikono myeusi, nilimkuta ameketi ukingoni, chini yake mlima umekatika wima, na kule chini kabisa yanaonekana mashamba ya mkonge ya Mazinde na ile barabara kuu, nyembamba kama uzi, na nyika ya Wamasai inayoendelea mpaka macho yanapochoka.

"Shemeji," aliniuliza bila kugeuka, "kwa hiyo kule chini ndiko mlikoanzia leo?"

Nikamwambia ndiko, upande wa kushoto zaidi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema safari ijayo na yeye ataanzia Mombo, ila nimwazime ile gia yangu ya mtumba. Nimemjibu kwamba tairi nene nitamnunulia hata jozi mbili akitaka, lakini gia ile haiazimwi.