Sahihi ya Papa Mapasa

Mwaka 2015 tulikuwa marafiki watatu hapa Bukavu, Kongo, na hakuna aliyetuita kwa majina yetu. Mimi nilifundisha sekondari, basi nilikuwa Prof. Mwanasheria wetu alikuwa Maître hata kwa watoto wa mtaani. Wa tatu alikuwa na shahada ya uchumi, lakini tangu ajifungue pacha, shahada ilisahaulika: Mama Mapasa.

Jumapili hiyo tulikuwa kwake Nguba, tunakula bugali kwa sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, za kukaanga. Akanawa mikono, akachomoa karatasi chini ya kitambaa cha meza. Kazi ya uhasibu, Goma, mshahara kwa dola. Kilichokosekana ni ruhusa ya mume kwa maandishi. Papa Mapasa alishaombwa mara nyingi, na jibu lilikuwa lile lile: "Tutaona." Mume akisema hapana, mtagombana, yataisha. "Tutaona" utaigombeza vipi?

"Prof, wewe una mwandiko mzuri," akaniambia, akanisogezea biki.

Huyo mume nilisoma naye. Sahihi yake niliijua: P kubwa yenye mkia wa majivuno. Nikashika biki, na sikuona haya. Maître akaweka sahani yake juu ya karatasi.

"Hiyo ni kughushi. Siku mkikosana, atakupeleka parke, kwa mwendesha mashtaka."

"Wewe unayelala peke yako, mambo ya ndoa umeyajulia wapi?"

Mwaka uliotangulia Maître alivunja uchumba, mahari ikiwa imeshaanza kujadiliwa, kwa sababu bwana alimtaka aache kuvaa joho la mahakamani. Mama Mapasa ndiye aliyekesha naye siku zile. Ndiyo maana neno lile lilikuwa baya. Hakuna aliyegusa sambaza tena. Maître akajifuta vidole, kimoja kimoja, halafu akauliza, "Anarudi saa ngapi?"

Wengi tulijua kwamba Kanuni ya Familia ya 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke aombe ruhusa ya mumewe. Cha 449 hakikuwa na wasomaji: mume akikataa, mke aliweza kuomba ruhusa hiyo kwenye Mahakama ya Amani. Ila hakimu hupelekewa kukataa. "Tutaona" haipelekwi popote.

Papa Mapasa alirudi jioni. Maître akasimama, akamwamkia kwa heshima zote, akaulizia afya ya mama mkwe na habari za kanisani, ambako shemeji yetu alikuwa mzee. Salamu zile zilinichosha. Kisha:

"Shemeji, hatukuombi usaini. Tunaomba uandike kwamba unakataa. Mstari mmoja tu, na tarehe."

"Wa nini?"

"Wa hakimu."

Akacheka. Akanitazama mimi, nami nikawatazama pacha. Maître hakuongeza neno. Alishika karatasi, ina duara la mafuta pale sahani ilipokaa. Mzee wa kanisa, jina lake lisomwe mahakamani, na aliyemshtaki ni mkewe! Akaomba biki. Akasaini juu kidogo ya lile duara, P na mkia wake, akaagiza apewe chakula.

Mama Mapasa alivuka ziwa kwenda kuanza kazi bila kumwomba radhi Maître. Mwaka mzima walisalimiana kupitia kwangu, mimi nikiwa posta yao, na kazi hiyo haina mshahara.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ikaifuta ruhusa ya mume. Maître akanituma nimweleze mwenzetu. Nikapiga simu Goma. Akasikiliza, akakaa kimya, halafu akasema, "Mwambie huyo anayelala peke yake aje, nitampikia sombe."

Nikafikisha neno kama lilivyo. Maître akauliza, "Nauli analipa nani?"