Marehemu aliyenuna

Picha niliyopewa ilikuwa paspoti saizi, imepigwa kwa fleshi, uso unameremeta kama sahani. Mama mmoja jirani yetu hapa Tanga alitaka nimchoree marehemu mumewe, kubwa, aitundike sebuleni. Nikakaa nayo siku tatu, mkaa na pasteli, zile chaki za rangi, juu ya karatasi ya kaki. Pua ikatoka pua yake, masikio yake, hata kovu la kwenye nyusi. Nikajiona fundi.

Alipokuja akaitazama kimya.

"Mwanangu, ni yeye. Lakini mbona kama amekuja kudai kodi?"

Nilitaka kubisha. Usiku nikaipindua kichwa chini, nikafinya macho mpaka yakabaki mabaka ya giza na mwanga tu, na aibu ikanishika. Fleshi ilikuwa imefuta vivuli, nami nikajitungia vyangu kwa nyeusi tupu ili uso usiwe bapa. Kwenye pembe za mdomo nilikuwa nimekandamiza alama mbili nzito, kingo zake kali kama za wembe. Nyuma ya kichwa nyeusi tena, eti heshima ya marehemu.

Nikaanzia mdomoni. Nilichukua nyama ya mkate wa bofulo, nikaifinyanga, nikawa naidonoa kwenye zile pembe, mkaa unatoka kidogo kidogo. (Ulaya walifutia mkate kabla raba haijaingia karne ya 18, na karatasi haichubuki.) Mstari wa midomo sikuugusa kabisa. Kingo zilipolainika, kivuli kikawa kinaisha bila kujulikana kimeishia wapi, na mzee akaanza kulegea. Leonardo da Vinci alizififisha vivyo hivyo pembe za mdomo na macho ya Mona Lisa, na watu hadi leo wanabishana kama anatabasamu.

Rangi ndiyo iliyonitesa. Ngozi yetu ukiitia nyeusi kwenye kivuli inageuka majivu, inakufa. Nikaifuta, nikaweka zambarau iliyokolea juu ya kahawia, na upande wa mwanga nikagusia chungwa kwenye shavu na ncha ya pua. Hapo nikazidisha, akawa kama ametoka kunywa tembo! Nikampiga picha kwa simu, nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe: kumbe chungwa langu lilikuwa linang'aa kuliko paji la uso. Tatizo halikuwa chungwa, ni mwanga wake. Nikalipunguza makali kwa kahawia, likatulia. Ile nyeusi ya nyuma nikaikung'uta nilivyoweza, kaki ikachungulia, uso ukapata joto.

Mama aliporudi hakuuliza nilibadilisha nini. Aliisogelea, akaweka kidole hewani karibu na shavu bila kuligusa.

"Huyu sasa. Hapa timu yetu Coastal Union wameshinda."

Akaanza kutafuta kanga ya kuifungia.