Alq3 yangu: kuitengeneza rahisi, kuisafisha ndiyo shughuli

Nilitaka kutengeneza mwenyewe kemikali inayotoa mwanga kwenye skrini za OLED (zinazowaka kwa tabaka nyembamba za kemikali za kikaboni), nikachagua Alq3: aluminiamu moja iliyoshikwa na molekuli tatu za 8-haidroksikwinolini. Ndiyo waliyoitumia Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak mwaka 1987, kwenye kifaa cha tabaka mbili nyembamba kilichowaka kijani kwa umeme usiofika volti 10. Ni ya zamani, lakini haidai kichocheo cha paladi wala sanduku lililojaa naitrojeni la kufanyia kazi bila hewa, na maabara yetu haina hata kimoja.

Niliyeyusha 8-haidroksikwinolini kwenye ethanoli ya vuguvugu na chumvi ya aluminiamu kwenye maji, moli 3 kwa 1. Ukichanganya tu, mashapo hayaji yote, kwa sababu mmenyuko wenyewe unaachia asidi. Ili kuizima asidi hiyo, nikawa nadondosha myeyusho wa amonia asetati huku nakoroga, na bika zima likajaa mashapo ya njano yenye ukijani. Waliosoma kemia zamani wanaujua mmenyuko huu: ndio wa kupimia aluminiamu kwa mizani.

Nikachuja, nikaosha kwa maji moto kisha ethanoli baridi, nikakausha. Chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365 unga uliwaka kweli, na hapo ndipo wengi hupiga picha na kumaliza. Mimi siamini macho kwenye jambo hili. Haidroksikwinolini iliyobaki haing'ai kiasi cha kukushtua, ilhali ndani ya kifaa uchafu kidogo tu hunasa chaji na kukipunguzia maisha.

Kwa hiyo nikautia unga kwenye neli ndefu ya kioo, upande mmoja ndani ya tanuri, mwingine kwenye pampu ya ombwe, ili kila kemikali igeuke mvuke na kuganda mahali pake. Kwanza niliiacha pampu ivute muda mrefu bila joto, maana unga wenye unyevu hurukaruka na kuchafua neli yote. Kisha nikapandisha joto polepole sana kuelekea nyuzi 300. Haidroksikwinolini, nyepesi kuruka, ilikimbilia mwisho wa baridi. Alq3 ikaganda katikati, pete ya njano safi. Kwenye kijiboti, yaani kichombo kilichobeba unga, kikabaki kitu cheusi.

Nilikwangua katikati ya pete tu. Ikiyeyushwa kwenye kloroformu, kilele cha mwanga wake kilikaa karibu na nanomita 520, panapostahili. Kingo zenye ukahawia nimeziweka kando, zitarudi kwenye neli.