Picha za ndani: harusi ya shoga yangu kwa kamera ndogo

Maandalizi

Shoga yangu anaolewa hapa Tanga, nyumbani kwao Ngamiani, na picha za upande wa wanawake kanikabidhi mimi. Mpiga picha wa kulipwa yupo, lakini ni mwanamume. Ataishia msikitini na kwenye chakula cha wanaume. Kwenye hina, kwenye kupambwa, na ukumbini usiku wa kina mama, ambako mabuibui yanavuliwa na nywele zinabaki wazi, yeye haingii. Kina mama walitaka mtu wao, na katika kundi letu anayeshika kamera ni mimi. Nimelipokea kwa moyo wote, maana nimeona harusi nyingi za pwani ambazo albamu yake ni kanzu na majoho matupu, kana kwamba bibi harusi hakuwa na shughuli yoyote.

Vifaa nilivyonavyo ni Canon EOS 1300D niliyoinunua imeshatumika, lenzi yake ya kawaida ya 18-55, lenzi ya mm 50 yenye f/1.8 (f ni upana wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi), na flashi moja inayorekebishwa kwa mkono. Betri ni mbili, na kadi mbili za GB 32. Kamera hii ina tundu moja tu la kadi, kwa hiyo haiwezi kuweka picha moja sehemu mbili kwa wakati mmoja. Nitabadilisha kadi kila shughuli inapokwisha na kuhamishia picha kwenye kompyuta usiku huohuo, ili kadi moja ikifa isiondoke na harusi nzima.

Hiyo lenzi ya mm 50 ndiyo tegemeo langu gizani. Lenzi ya 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu, na f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Ila kwenye kamera ya aina hii mm 50 inaona kama mm 80, na katika chumba kidogo unajikuta mgongo umegota ukutani na bado watu hawaenei. Kwa hiyo 50 ni ya nyuso, 18 ni ya chumba kizima.

Kukagua nyumba

Nimekwenda kukiona chumba mapema, mchana, saa ileile ambayo shughuli itafanyika. Dirisha ni moja, linaangalia uani, na jua haliingii moja kwa moja kwa sababu paa la uani limetokeza. Mwanga huo ni laini na unatosha. Tatizo ni ukuta wa pili, umepakwa rangi ya kijani iliyoiva, na mwanga ukiugonga unarudi na kijani chake mashavuni. Nilimkalisha mdogo wa bibi harusi pale nikampiga picha, na upande mmoja wa uso ulionekana kama wa mgonjwa.

Nikamwendea mama wa bibi harusi. "Shikamoo mama. Naomba kitanda kisogezwe karibu na dirisha."

"Marahaba mwanangu. Kitanda kishatandikwa, hakisogei. Chukua kiti."

Kiti kikawekwa hatua mbili kutoka dirishani, kimegeuzwa kidogo pembeni, na juu ya ule ukuta wa kijani tukatundika shuka jeupe. Nikampiga mtoto yule tena. Kijani kimekwisha, na upande wa uso uliokuwa kivulini umepata mwanga wa kurudi. Ningeambiwa leo nichague kati ya kamera ya bei kubwa na ile ruhusa ya kiti na shuka, ningechukua kiti na shuka.

Zoezi la ngozi na nguo nyeupe

Hili limenichukua muda kuliko yote, na naliandika kwa urefu kwa sababu picha nyingi za harusi zetu zinaharibikia hapa. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kila kinachokiona ni kijivu cha wastani. Ukimwelekeza bibi harusi mwenye gauni jeupe lililojaa kwenye picha, kinapunguza mwanga ili nyeupe iwe kijivu, na uso unazama. Ukimwelekeza shangazi mwenye buibui jeusi, kinaongeza mwanga na uso unapauka. Bibi harusi hajabadilika, shangazi hajabadilika, wala dirisha halijabadilika. Kilichobadilika ni nguo tu.

Ndiyo maana ndani nimeacha kabisa kupiga kwa "auto". Natumia mpangilio wa mkono, na kipimo nakiweka kisome eneo dogo la katikati tu, ambalo kwenye 1300D ni takriban asilimia 10 ya picha. Naujaza uso eneo hilo, nasoma, nafunga mipangilio, na siigusi tena mpaka mtu ahame mahali. Shoga yangu ni maji ya kunde, na kwake mshale wa kipimo ukikaa sifuri au chini yake kidogo anatoka kama alivyo. Dada yake ni mweusi zaidi, nashusha kidogo tena, ili weusi wake ubaki weusi unaong'aa, usigeuzwe kahawia iliyochujuka. Mtu akiiona picha yake aseme "huyu ni mimi". Nalishikilia sana hilo.

Usiku wa hina

Hapa lenzi ya kawaida, ile ambayo watu huidharau, imeishinda ya mm 50. Yenyewe inalenga hadi sentimita 25, wakati 50 inakataa chini ya sentimita 35. Kwa kiganja kilichochorwa, sentimita hizo kumi ndizo zinazokuonyesha mstari wa piko, ile rangi nyeusi, ukizunguka ua la hina, na ncha ya pakiti ya kuchorea ikiwa bado haijanyanyuka kwenye ngozi.

Hina mbichi inang'aa, na flashi ya kuelekeza usoni ingeiacha na madoa meupe. Lile shuka la ukutani likafanya kazi ya pili: nikaigeuzia flashi kwake, mwanga ukarudi mpana na mpole, na mistari yote ikasomeka. Bi mkubwa mmoja alikuwa amekaa na chetezo, moshi wa udi ukipanda kati yangu na bibi harusi. Mwanga wa kutoka pembeni uliushika moshi ule vizuri mno. Ile ni picha ninayoipenda kuliko zote za usiku huo.

Siku ya nikaha

Wanaume wako msikitini, sisi tuko chumbani tunasikiliza kwa kipaza sauti. Bibi harusi yuko kitini, kikuba cha asmini kifuani, kichwa ameinamisha. Kamera yangu inapiga picha 3 kwa sekunde, na ukipiga mfululizo katika RAW, yaani faili ghafi na kubwa, inajaa upesi na kusita, kwa hiyo kuiminya ovyo hakusaidii. Lazima ujue tukio linakuja wapi. Mimi nilimlenga mama. Sauti ya bwana harusi ilipopita, "nimekubali", mama alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake, na kabla vigelegele havijaanza machozi yalikuwa yameshafika. Mwenzangu wa msikitini anayo mikono ya bwana harusi na baba mkwe. Mimi ninayo sura ya mama.

Kisha kupa mkono. Nilikuwa nimeshaelewana na somo wa bibi harusi, yule mama anayemfunda, tangu mapema kwamba nafasi ya kando ya dirisha ni yangu, na yeye ndiye aliyewarudisha nyuma wenye simu. "Jamani mpisheni mwanangu apige, zenu mtapiga baadaye." Kina mama wakajifunika, bwana harusi akaingia, akaweka mkono juu ya paji la uso la mkewe na kusoma dua. Mwanga wa dirisha uliwapata wote wawili kwa ubavu. Lenzi 50, f/2.8, kasi 1/160 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 800. Kwanza mkono na paji, halafu nikabadilisha lenzi nikapata chumba kizima.

Ukumbini

Taa za zambarau na buluu ni adui wa ngozi. Uso ukishapigwa na zambarau tupu, rangi yake ya asili haipo tena kwenye faili, hata uihariri usiku kucha. Nilimwomba dada wa mapambo awashe taa nyeupe za jukwaani bibi harusi anapoingia, akakubali. Zilizobaki niliziacha ziwe pambo la nyuma. Flashi niliielekeza kwenye ukuta wenye vitambaa vyeupe, maana darini kulikuwa na vitambaa vya rangi ambavyo vingerudisha rangi yao. Kasi sikuipandisha zaidi ya 1/100: umeme wetu ni wa Hz 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, ukizidisha unaweza kupata michirizi ya giza. ISO 3200 inaleta chenga, yaani vipunje vipunje, kwenye vivuli. Mimi nazikubali chenga, bora shangazi anayetunza kwa noti aonekane na kicheko chake chote.

Hali ya sasa

Nachambua picha kwa darktable, programu ya bure. Nimetenga mafungu mawili kwa makubaliano na bibi harusi na mama yake. Fungu la kwanza ni waliojisitiri, hizo naweza kuwatumia ndugu, na WhatsApp nazituma kama faili ili zisiminywe ubora. Fungu la pili ni za nywele wazi. Hazijaingia kwenye simu yangu hata moja, haziendi kwenye status, na zitakwenda kwa mwenyewe mkono kwa mkono ndani ya flashi diski.

Limebaki suala la kusafisha. Shoga yangu anataka albamu ya karatasi, na studio nyingi mashine wanaziendesha wanaume. Tumempata dada mmoja mjini anayesafisha mwenyewe. Amekubali nikae naye mpaka picha ya mwisho itoke, kisha nifute faili kwenye kompyuta yake mbele ya macho yetu wote wawili. Naanza na zile za hina.