Lori la chumvi la marehemu baba: tulitie viraka au tulijenge upya?

Tangu tumalize arobaini ya baba, lori lake lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nyumba yetu Mwanga, hapa mjini Kigoma, matairi yakiwa hayana upepo na majani yakiwa yameota katikati ya mbao za bodi. Ni Bedford TJ, ile yenye boneti mbele, ambayo baba aliinunua ikiwa imeshatumika na akaitumia kubeba chumvi ya Uvinza kwenda Kasulu na Kibondo kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndugu zangu walishauri liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nilitamani litembee tena, na kwa kuwa nilitamani mno, niliona si haki nilikague peke yangu, nikamwomba fundi mmoja mzee wa Gungu, aliyelitengeneza tangu nikiwa shule ya msingi, aje kuliangalia.

Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia huku ameshainama chini ya lori. Hakuuliza habari za injini. Alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba lori zima, kuanzia mbele, kiganja baada ya kiganja, na mimi nikatambaa nyuma yake nikisikiliza. Kwenye springi za mbele chuma kililia kwa sauti kali na nyundo ikaruka juu. Tulipopita nyuma ya kabini mlio ukabadilika, ukawa mzito na mfupi kama wa kugonga gogo bichi, na magamba mekundu yakaanza kudondoka usoni mwetu. Karibu na mahali springi ya nyuma inaposhikwa alisimamisha tindo, akaigonga mara moja, ikazama.

“Mwanangu,” aliniambia, “hapa baba yako alikuwa anabebwa na rangi.”

Ili tusiamue kwa kusikia tu, tulisafisha sehemu tatu hadi chuma kikaonekana, tukatoboa matundu madogo na kupima unene kwa venia, kipimo cha unene wa vyuma. Mbele tulipata milimita 6. Katikati ya bodi tulipata 4 na kidogo. Nyuma, kwenye ukingo wa chini, hazikufika 3. Upungufu wa nyuma ndio ulionitisha zaidi, kwa sababu mhimili wa chesisi ya lori umekunjwa kama mfereji uliolazwa ubavu, na mzigo unapoukunja ni kingo zake za juu na za chini zinazobeba sehemu kubwa ya nguvu hiyo, moja ikibanwa na nyingine ikivutwa. Ubavu ukitoboka kidogo, lori linaweza kutembea kwa muda. Ukingo ukiliwa hadi nusu, tani kadhaa za chumvi zinaning’inia kwenye chuma ambacho hakipo.

Chumvi ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Magunia yalipopata mvua ya masika njiani, maji ya chumvi yalipenya katikati ya mbao na kutiririka juu ya chesisi, yakaingia hata palipopigwa bamba la pili kwa ribiti ili kuongeza nguvu. Kutu huhitaji maji na hewa tu, lakini chumvi huyafanya maji yaupitishe umeme kwa urahisi, na hivyo chuma huliwa haraka zaidi. Tena chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo lori lililoegeshwa linaendelea kulowana bila mvua. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kati ya yale mabamba mawili ilikuwa imevimba hadi ikayatenganisha kwa unene wa kidole, na ribiti mbili zilikuwa zimekatika vichwa.

Hapo ndipo hoja ya viraka iliponishinda. Gereji moja ilikuwa imenipa bei nafuu ya kuchomelea mabamba mapya juu ya sehemu zilizooza, kupiga rangi na kumwaga oili chafu juu yake. Kwa mlango au sakafu ya kabini ningekubali bila wasiwasi, maana hivyo havibebi mzigo. Lakini kiraka kwenye chesisi kinahitaji chuma kizima pande zote mbili cha kushikilia, na moto wa kuchomelea kwenye kingo zenyewe hudhoofisha mahali palepale penye kazi kubwa. Zaidi ya hayo, hakuna brashi inayofika kati ya mabamba mawili. Chumvi ingebaki humo, na mimi ningekuwa nimelipa ili nisiione.

Baba mdogo alinikumbusha meli ya Liemba, kama ambavyo mtu wa Kigoma angefanya. Wajerumani waliizamisha meli hiyo mwezi Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Iweje lori lishindwe? Nililiwaza sana swali lake, kwa sababu si swali la kupuuza. Mafundi walioizamisha waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza, wakiwa na nia ya kuja kuichukua, na ilikaa ndani ya Ziwa Tanganyika ambalo maji yake si ya chumvi. Lori letu halikupakwa kitu, na lilinyweshwa maji ya chumvi kila msimu wa mvua.

Ikabaki njia ya kulijenga upya, yaani kushusha kila kitu na kuanza na chesisi nyingine. Fundi alikuwa na habari ya Bedford kama yetu iliyokaa chini ya mwembe Tabora, injini imekufa, ambayo maisha yake yote ilibeba tumbaku kutoka Urambo. Tumbaku husafirishwa ikiwa kavu na hufunikwa vizuri. Nilisafiri kwenda kuigonga mwenyewe kwa nyundo ileile, kutoka mbele hadi nyuma, na chesisi yote ililia.

Jambo lililonikosesha usingizi ni namba. Namba ya chesisi ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, na nikiitumia chesisi ya Tabora, basi kwa mujibu wa karatasi ninakuwa na lori la Tabora lililovaa kabini ya baba. Nilifikiria kukata mihimili yetu nyuma ya kabini na kuunganisha mkia wa ile nyingine, ili namba yetu iliyopigwa mbele, kwenye chuma kizima, ibaki. Fundi alikataa kuunganisha mahali hapo, na nikimkumbuka kila dereva na utingo atakayekaa ndani ya lori hilo, siwezi kumlaumu. Nimenunua chesisi pamoja na kadi yake, na umiliki utahamishwa kwa jina langu kabla hatujafunga bolti hata moja. Kipande cha chuma chenye namba ya baba hakitakatwa wala kuhamishiwa popote.

Mama alisikiliza maelezo yote haya jikoni, akauliza swali moja: “Litarudi Uvinza?” Nilimjibu kwamba litarudi, ila sakafu ya bodi itatandikwa turubai zito linalopanda hadi kwenye mbao za pembeni, na kila likirudi litaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi chini, ndani ya mihimili, kabla halijalala.

Chesisi ilifika wiki iliyopita kwa lori la mtu mwingine, kupitia Kaliua na Uvinza, na sasa imelazwa juu ya magogo uani. Tumeiosha mara mbili na kuipiga brashi ya chuma. Rangi ya kwanza tutaipiga kiangazi hiki, tukianzia ndani ya mihimili, ambako hakuna mpita njia atakayeiona. Injini ya baba iko chini ya kibanda, imefunikwa gunia, na jana tulipoizungusha kwa mkono ilizunguka.