Namna nilivyoijaribu boti kabla ya kutoa dola zangu

Shemeji yangu alinishauri: moteri ya boti iwashwe ndani ya pipa la maji pale pwani, ikiunguruma vizuri, lipa. Ushauri gani huo! Ndani ya pipa hata moteri mbovu inaimba.

Nilitaka boti ya mbao ya kuleta maharagwe na mananasi kutoka kisiwa cha Idjwi hadi Kituku, bandari ya Goma kwenye Ziwa Kivu. Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa na rangi mpya, buluu bado inanuka. Muuzaji alisema tukutane saa nne. Nikafika saa moja. Nikaweka kiganja juu ya kofia ya moteri: baridi. Ndivyo nilivyotaka, maana wakishakupashia moto hutajua kama inawaka asubuhi. Alivuta kamba hadi jasho likamtoka. “Papa, iko inalala tu kidogo.” Ikaamka kwa shida.

Sasa mbinu yangu, na ninajivunia. Boti tupu inakimbia hata kwa moteri iliyochoka, kwa hiyo mzigo ni lazima. Mifuko ya mchanga nani atakubebea? Abiria sikutaka: tangu boti iliyotoka Minova izame mbele ya Kituku Oktoba 2024, mke wangu hataki kusikia mtu anapanda chombo asichokijua, tena bila jile, koti la kuelea. Nikakopa bidoni, madumu ya njano, kwa jirani anayeuza maji. Ziliingia tupu, mtoto angeweza kuzibeba, kisha tukazijaza mlemle ziwani. Lita 20 ni kilo 20, bidoni 50 ni tani nzima. Ukimaliza, unamwaga.

Muuzaji alicheka sana. Mimi nilivua viatu, miguu mitupu inajua kabla ya macho. Hatujafika mbali, nyayo zikalowa.

“Ni mawimbi, Papa.”

Mawimbi gani, na ziwa limetulia? Maji yalipenya kati ya mbao, palepale rangi ilipofunika pamba ya kuzibia nyufa, imeshaoza. Halafu moteri, iliyokuwa inakojoa vizuri maji ya kupozea, ikaanza kudondosha matone. Nikamwambia azime. Tulirudi kwa kasia, yeye anapiga, mimi namwaga bidoni.

Boti niliyonunua, ya mtu mwingine, ilibeba bidoni zilezile bila kulalamika. Fundi alilegeza skurubu ya chini kwenye mguu wa moteri, oli ikatoka safi. Ingetoka kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia kwenye gia. Jaribu pia gia ya kurudi nyuma, maana Kituku pamejaa boti. Na usibabaike na namba iliyoandikwa: Kivu iko mita kama 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, moteri ya nguvu za farasi 40 haitakupa zote.

Propela ilikuwa imemegeka ncha moja. Kwa sababu ya ncha hiyo nilishusha bei dola mia na kitu, na mafuta yaliyobaki kwenye tangi nikayadai pia. Mwenyewe alisema mimi ni mtu mugumu, akahesabu makuta yake mara mbili.