Nyusi za Mama Mdogo

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Mbeya, nasomea utabibu, na muhula ule tulikuwa tunajifunza kichwa. Mkufunzi wetu alituletea fuvu halisi, la rangi ya kahawia, limelainika kwa kushikwa na mikono ya wanafunzi wengi waliotutangulia. Mifupa 22, akatuhesabia: 8 inaukinga ubongo, 14 inaunda uso, na katika yote hiyo ni taya la chini tu linalocheza. Mingine imeshonana. Kisha akaligeuza fuvu chini juu, akachomoa njiti kwenye ufagio wa chelewa na kuiingiza kwenye tundu dogo lililo mbele ya kile kifundo cha mfupa nyuma ya sikio. Njiti iliingia kidogo ikakwama, kwa sababu njia hiyo inapinda ndani ya mfupa wa panja. Hapo ndipo inapotokea neva ya saba, mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni, akasema, na uso mzima wa mtu unaitegemea.

Nililiandika hilo kwa ajili ya mtihani. Halafu mama akapiga simu kutoka Tukuyu.

"Mdogo wangu mdomo umekwenda upande. Wanasema ni kiharusi. Njoo, mwanangu."

Niliomba ruhusa nikapanda haisi ya jioni. Kuanzia Isongole ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva alikuwa anatambaa, na mimi njia nzima nilikuwa naomba Mungu. Mama mdogo ndiye aliyenilea mama alipokuwa anauguza bibi. Ndiye aliyenifundisha kusuka nywele, kupika mbalaga na kuimba sauti ya pili kanisani. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye nguvu, anayechuma chai tangu alfajiri mpaka mgongo ukatae. Kiharusi?

Nilimkuta jikoni nje, ameketi kwenye kigoda, kanga ameivuta mpaka imefunika shavu la kulia. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, lakini ile "m" na ile "b" zilitoka zikivuja upepo pembeni mwa mdomo. Majirani wawili walikuwapo. Mmoja alisema ni presha. Mwingine hakusema kitu kwa sauti, ila alimwambia mama pembeni kwamba kuna mtu amemchezea, kwa sababu ya lile shamba la migomba lenye kesi.

Nikamwomba aondoe kanga. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umelala. Ule mkunjo unaotoka puani kushuka mdomoni, ambao kwake ulikuwa wa kina kwa sababu ni mtu wa kucheka, haukuwapo. Pembe ya mdomo imeshuka. Jicho limebaki wazi, jekundu, linatoa machozi mfululizo.

"Mama, inua nyusi zote mbili, kama mtu aliyeshtuka."

Akainua. Upande wa kushoto wa paji ukakunjamana mikunjo yake ya siku zote. Upande wa kulia ulibaki laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Hakuna hata mkunjo mmoja.

Moyo wangu ulianza kutulia pale, na hilo nataka nilieleze vizuri, kwa sababu watu wengi wangedhani ni kinyume. Mtu akiona uso umelala wote, paji, jicho na mdomo, anaona balaa ni kubwa kuliko mdomo peke yake. Lakini misuli ya paji hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kiharusi kikiharibu upande mmoja wa ubongo, kwa kawaida mdomo unakwenda upande lakini paji bado linakunjamana, maana upande wa pili wa ubongo unaendelea kulihudumia. Paji likilala pamoja na mdomo, mara nyingi tatizo liko huku chini, kwenye neva yenyewe baada ya kutoka kwenye ubongo. Na neva iliyovimba, tofauti na sehemu ya ubongo iliyokufa, ina matumaini makubwa ya kupona.

Niliendelea. "Fumba macho kwa nguvu." La kushoto likafumba. La kulia halikufumba, mboni ikapanda juu ikabaki weupe mtupu, na mtoto wake wa mwisho akapiga kelele akajificha nyuma yangu. Nikamwambia asiogope, kwamba hata yeye akifumba macho mboni zake hupanda hivyo hivyo, ila kope zinazificha. Nikamwambia mama mdogo ajaze hewa mashavuni: ikatoroka. Ainue mikono yote miwili mbele na kuishikilia: ikakaa. Anibane vidole: alinibana mpaka nikaumia. Atembee mpaka mlangoni na kurudi: akatembea vizuri.

Ndipo akaanza kunieleza mambo ambayo hakumwambia mtu, kwa kuwa aliyaona hayahusiani. Kabla ya uso kulala, aliumwa nyuma ya sikio la kulia usiku kucha. Chai haikuwa na ladha upande mmoja wa ulimi, akamgombeza binti yake kwamba hakutia sukari. Na mvua. Tukuyu mvua ikipiga bati mtu wa kwetu hata haisikii, ameizoea. Yeye alisema sikio la kulia lilikuwa linapasuka.

Nilikuwa na hamu ya kumkumbatia, kwa sababu kila alichokitaja kilikuwa kwenye njia ile ile ya njiti. Neva ya saba ikipita ndani ya mfupa hutoa tawi kwenda kwenye msuli mdogo kuliko yote inayotikisa mifupa yetu, ule ulioshika kijifupa cha ndani ya sikio na kupunguza kishindo cha sauti. Hutoa tawi jingine linalobeba ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi. Kisha hutokea kwenye lile tundu, hupita ndani ya tezi ya mate na kusambaa usoni. Ndani ya mfupa kuna mahali njia yenyewe haifiki upana wa milimita 1. Neva ikivimba mle haina pa kutanukia, inajibana yenyewe. Mskoti Charles Bell, aliyezaliwa mwaka 1774, ndiye aliyechambua kazi ya neva hii, na hali hii ya kupooza ikabeba jina lake.

Kutafuna aliweza. Misuli ya kutafuna ina neva nyingine, ya tano. Shida ilikuwa shavu. Chakula kikiingia upande wa kulia kilikaa pale, kwa sababu msuli wa shavu unaokirudisha kwenye meno ulikuwa umelala, na ilimlazimu kukitoa kwa kidole. Kwa hiyo alikuwa anakula peke yake, akiupa mlango mgongo. Na moto hakuweza kuupuliza. Kila alfajiri aliinama kwenye mafiga, pumzi ikatokea pembeni, moshi ukapanda ukaingia kwenye jicho lisilofumba. Kwaya alikuwa ameacha. Hakutaka kusimama mbele ya watu na "Bwana" ya kuvuja.

Baba mdogo aliporudi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kesho asubuhi atampeleka kwa mzee mmoja huko bondeni, anachanja chale mbili tatu shavuni na upepo unatoka. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hofu. Macho yake yalikuwa yanakwepa uso wa mkewe.

"Baba, naomba nikuonyeshe kitu," nikasema. Niliweka kiganja chini ya sikio langu, vidole vitano nikavitawanya: kimoja kuelekea panja, kimoja kwenye mfupa wa shavu, kimoja mdomoni, kimoja kwenye ukingo wa taya, kimoja kikishuka shingoni. "Matawi ya neva yanapita hivi, karibu na ngozi. Leo yamelala, yanaweza kuamka. Wembe ukiyakata, hayo ndiyo hayataamka."

Alikaa kimya muda mrefu. Mama ndiye aliyemaliza mjadala: "Shemeji, haisi ya kwanza inaondoka saa kumi na moja. Mimi nauli ninayo."

Hospitalini daktari alimpima presha na sukari, akamchungulia sikioni kutafuta malengelenge, kwa sababu virusi vya mkanda wa jeshi navyo huweza kulaza uso na tiba yake huongezwa dawa. Alimshauri pia apime virusi vya ukimwi, maana kupooza uso kunaweza kuwa dalili yake ya mapema. Mama mdogo alikubali, majibu yakatoka hana. Akaandikiwa prednisoloni, dawa inayopunguza uvimbe na inayofaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Tuliziwahi kwa shida. Siku zilizopotea nyumbani kwa mjadala wa presha na upepo bado zinaniuma.

Lakini kitu ambacho daktari alikisisitiza kuliko vidonge ni jicho. Neva inaweza kupona na mtu akabaki kipofu wa jicho hilo kwa sababu kioo chake kilikauka na kuchubuka. Matone ya machozi ya bandia mchana, mafuta ya jicho usiku, kisha kope linafumbwa kwa plasta wakati wa kulala. Miwani shambani na barabarani. Jikoni kwenye moshi, marufuku. Binti yake akachukua mafiga, na baba mdogo, mtu ambaye sikuwahi kumwona akigusa kikaango, alijifunza kubandika ile plasta kwa uangalifu ambao sijauona kwa baadhi ya wauguzi.

Wengi hupona; kadiri ya watu 7 katika 10 hurudi sawa hata bila dawa, na kwa dawa zaidi. Kwake kope ndilo lilianza, likatikisika kidogo anapokonyeza. Baadaye shavu. Nilimwona akitabasamu siku mama aliponichokoza kuhusu mchumba, na nikaangalia macho kabla ya mdomo, kwa sababu mdomo mtu anaweza kuulazimisha, ile misuli inayozunguka jicho ni vigumu. Yalikunjamana yote mawili. Kwaya alirudi kabla ya Pasaka.

Hata hivyo haikurudi kama awali. Akicheka sana, jicho la kulia linajifumba nusu lenyewe. Nyuzi za neva zilipoota upya, baadhi zilizokuwa za mdomo ziliingia njia ya jicho, na sasa amri moja inafika mahali pawili. Kuna mazoezi ya kupunguza hali hiyo, mtu anakaa mbele ya kioo na kuusogeza mdomo polepole huku akilizuia jicho lisifuate. Tuliyafanya pamoja likizo nzima. Ameyaacha, anasema chai haimngoji. Mimi nikienda Tukuyu bado nambebea kioo.